Muhonja, Usifungue Mlango

Malinya,
Kakamega.
Jumapili, baada ya ibada.

Kwa mdogo wangu Mideva,

Salamu za nyumbani zikufikie huko Uingereza ukiwa mzima, mikono yako haijapasuka kwa baridi na mgongo umepoa kidogo kuliko ulivyolalamika kwenye simu. Sisi huku hatujambo kwa kadiri Mungu alivyopenda. Mvua imewahi mwaka huu, mahindi ya shamba la chini yametoka vizuri, na ng'ombe wa Mama bado anatoa maziwa ingawa hapendi mkono wangu. Kaburi limezama kidogo upande wa kichwani. Baba Mdogo Shikanga anasema ndivyo udongo mpya unavyofanya, hivyo usianze kulia kwa ajili ya hilo.

Najua umeshangaa kupata karatasi. Mwalimu mwenzangu Wekesa ana kaka anayerudi huko wiki hii, naye amekubali kuibeba. Kwenye simu wewe hulia, na ukilia mimi hunyamaza, na nikinyamaza wewe ndiye unayebaki kusema. Karatasi haikatizwi. Kaa chini, usome mpaka mwisho, maana jibu la lile uliloniomba limo humu.

Umeniomba sauti ya Mama. Umeniomba kwenye kundi la familia, ukaniomba pembeni, kisha ukamtuma Baba Mdogo aniombe kana kwamba mimi ni ofisi ya chifu. Umesema hutaki shamba, hutaki vyombo, hutaki hata leso yake ya kanisani. Unataka tu zile hadithi alizorekodiwa kwa ajili ya shule, uzisikilize ukienda kulala, kwa kuwa usingizi umekukataa. Nami nimekuwa nikikujibu kwamba mashine imeharibika. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa muda fulani.

Kwanza nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana aliye mbali husahau upesi. Mama alipopooza miguu tulizungumza sisi wawili, ukasema una mkataba na huwezi kuuvunja. Mimi nikaacha nyumba yangu Shieywe nikarudi huku, nikaomba uhamisho hadi shule ileile ambayo Mama aliipikia uji na pure mpaka akastaafu. Mume wangu alizoea kukosekana kwangu haraka kuliko nilivyotarajia. Wewe huko kazi yako ni kuwageuza wazee wa watu kitandani wasipate vidonda, na unavaa glovu, na jioni unarudi kwako. Mimi nilimgeuza wetu kwa mikono mitupu, na kwangu palikuwa palepale. Na kila mgeni aliyeingia kumwona, Mama alimwonyesha shuka na kumwambia kwamba Mideva ndiye aliyeituma. Anayeifua hakumtaja. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Nasema nilikuwa nimesimama pale mlangoni na beseni.

Sasa hiyo mashine. Mwaka jana muhula wa pili ulipoanza, alikuja shuleni kijana mmoja aitwaye Kipkemboi. Kazi yake ni kuzungukia shule za vijijini akiweka seva za darasa. Usifikirie mitambo ya benki. Ni kompyuta ndogo, ukubwa wake kama kipande cha sabuni ya kufulia wanachokukatia dukani, haina kioo wala vitufe. Inakula umeme kidogo kuliko balbu, kwa hiyo paneli moja juu ya mabati na betri moja chini ya rafu vinaitosha. Vitabu, video za sayansi na mazoezi ya hesabu vyote vimo ndani ya kadi nyembamba kama ukucha, na watoto wanavifungua kwenye tableti zao kuukuu bila intaneti yoyote. Mtandao wake unaishia ukutani. Ukitoka nje ukasimama karibu na mtungi wa maji, hupati kitu.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Masinde, alisema iwekwe kwenye Gredi ya Pili, yaani darasa langu, kwa sababu paa langu halivuji na mlango wangu una kufuli. Nikawa mlezi wa seva. Kipkemboi alinifundisha kuongeza vitu na kuvitoa, na akanisisitizia jambo moja kuliko yote: mashine hii haizimwi kama redio. Unaiambia kwanza kwamba unataka kuizima, unasubiri ile taa ya kijani iache kupepesa, ndipo unachomoa waya. Ukiinyang'anya umeme ghafla ikiwa kazini, kadi inaweza kuchanganyikiwa na kila kilichomo kikapotea. Niliandika agizo hilo kwa kalamu nene nikalibandika juu ya rafu. Watoto walilisoma. Watu wazima, kama kawaida yao, hawakulisoma.

Hadithi zilizokuja ndani yake zilikuwa za theluji na dubu aliyepoteza kofia. Watoto walikuwa wakiniuliza kama dubu ni aina ya mbwa. Kipkemboi akasema seva ni yetu, tuweke tunachotaka, na kwa kuwa watoto wa madarasa ya chini wanasoma kwa lugha ya nyumbani, tukimpata mzee mwenye hadithi za Kiidakho atamrekodi. Masinde hakujiuliza mara mbili. Akamtaja Mama. Hakuna mtu Malinya hii aliyekula uji wa shule asiyeijua sauti ya Mama.

Basi Kipkemboi akawa anakuja nyumbani Jumamosi na kinasa sauti chake. Mama alitaka kwanza avalishwe kitambaa kizuri, nami nikamwambia sauti haina kichwa cha kufunga kitambaa, akasema nimfunge tu. Nilimfunga. Kisha nikaenda jikoni kumpikia mgeni ingokho na obusuma, kuku na ugali wa heshima, maana mgeni haondoki kwetu hivihivi, wewe unajua. Nilikuwa nasikia kicheko kupitia ukuta, cha Mama na cha yule kijana ambaye Kiidakho chenyewe hakijui, lakini maneno sikuyasikia. Nilifurahi, Mideva. Nilidhani kwa mara moja nimempatia kitu ambacho hakikutoka Uingereza.

Hadithi hizo nilizisikia mara ya kwanza pamoja na watoto wangu wa Gredi ya Pili, nikiwa nimesimama mbele yao na chaki mkononi.

Unakumbuka desturi ya Mama ya kusimulia. Watu wa hadithi zake aliwapa majina ya watoto waliokaa mbele yake. Binti mwerevu, yule anayelifunga mkia linani, lile zimwi mla watu, yule anayejificha chunguni na kuwaokoa wengine, daima alikuwa Mideva. Yule mwingine, ambaye linani linakunywa asali kulainisha koo, linaita mlangoni kwa sauti ya mama yake, naye anakurupuka kufungua, alikuwa Muhonja. Tulipokuwa wadogo nilicheka kama ninyi wote. Mtoto hucheka wenzake wanapocheka, asije akaonekana amechomwa. Sikudhani kwamba ukubwani, nikiwa mwalimu mwenye cheti na mshahara, mama yangu angeniweka tena mlangoni na kunipa komeo nilishike, na safari hii mbele ya darasa langu.

Walicheka mpaka wengine wakalala chini ya madawati. Waliponitazama walicheka upya, kwa kuwa Muhonja wa hadithi alikuwa amesimama palepale na chaki. Zilikuwa hadithi nyingi, na kila moja ilikuwa na Mideva wake na Muhonja wake. Mara Muhonja anauza mbuzi kwa mwizi wa mbuzi huyohuyo, mara anapewa mtoto amshike na kumsahau kisimani. Ile ya mlango waliipenda kuliko zote. Kabla wiki haijaisha, nikisema wafungue vitabu, sauti inatoka nyuma: Muhonja, usifungue mlango! Nikiinuka kufungua dirisha, darasa zima linaimba hivyo. Hata Wanjala, mlinzi wa shule, siku moja nilipomwomba ufunguo wa stoo aliniambia kwa Kiswahili chake kwamba mwalimu asikasirike, lakini kukhu, bibi ya watoto wote, anasemanga mlango usipewe Muhonja.

Nilimwuliza Mama. Nilimwuliza nikiwa namkanda miguu, bila hasira, ili asije akasema nimemfokea mgonjwa. Nilimwuliza kwa nini ni mimi kila mara, na kama hakuona kwamba hao ni wanafunzi wangu. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, nikampa maji. Kisha akasema mjinga wa hadithi lazima awe mtu wa karibu, ili wasikilizaji wamwone kwa macho. Mwerevu, akasema, anaweza kuwa mbali. Halafu akaniuliza kama watoto wameipenda ile ya mbuzi, na kama yule kijana wa Kikalenjini atarudi Jumamosi, kwa sababu amekumbuka nyingine.

Nimelifikiria jibu hilo kuliko nilivyofikiria mahubiri yoyote. Kosa la huyo Muhonja ni moja tu, alisikia mama yake anaita akafungua. Mimi nilifungua kila alipoita, mchana na usiku, akitaka maji, akitaka chombo, akitaka tu kujua kama umepiga simu. Wewe mwerevu ulikuwa umejificha chunguni.

Mama akatutoka Februari, asubuhi, uji ukiwa mekoni. Nilikupigia mimi mwenyewe. Ulilia vizuri, sikulaumu. Lakini ulipomaliza kulia ulianza kuagiza. Ulitaka hema la namna fulani, maua ya namna fulani, na juu ya yote ulitaka mazishi yarushwe mubashara ili uyaone kwenye simu yako. Ukaandika kwenye kundi kwamba tukimzika Mama bila wewe kuona, hutatusamehe maishani. Wakati huo umeme haukuwapo huku, nguzo zilikuwa zimelala tangu upepo ule. Jenereta tuliyokodi iliamka asubuhi ya mazishi, ikatoa moshi mweusi kama wa kiwanda cha sukari, ikazima moja kwa moja. Nawe ulikuwa unaandika kila dakika, jamani vipi, jamani sioni kitu, jamani ni mama yangu.

Hapo ndipo Baba Mdogo Shikanga, ambaye ni mwenyekiti wa bodi ya shule, alipokumbuka betri. Akasema shule hiyo Mama aliipikia nusu ya uhai wake, haiwezi kumnyima taa ya kumsindikiza. Hapakuwa na wa kumpinga. Wanjala akatumwa na toroli, kwa kuwa ufunguo wa pili alikuwa nao yeye. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nasimamia sufuria za wageni. Nilimwona akiingia langoni na betri kwenye toroli, anatoka jasho, anajivunia haraka yake. Nilielewa mara moja. Mtu aliyekwenda na kurudi haraka namna ile hakusubiri taa yoyote iache kupepesa. Nilirudi kwenye sufuria, maana mchele ulikuwa unashika chini.

Basi ukaona mazishi. Spika zililia, kipaza sauti kilifanya kazi, na yule aliyeshika simu alizunguka nayo kila mahali. Ulimwambia aisogeze uone maua yako, akaisogeza. Mchungaji alisoma risala yako yote, kurasa na kurasa, na akina mama walifuta machozi wakisema Mideva alimpenda mama yake. Zamu yangu ilipofika mshereheshaji akatangaza kwamba muda umetutupa mkono, tena mwalimu anahitajika jikoni. Watu walikula, wakashiba, wakasifu. Hakuna aliyeuliza umeme umetoka wapi.

Betri ilirudishwa Jumatatu. Niliiunganisha mwenyewe. Taa nyekundu iliwaka, ya kijani haikupepesa hata mara moja. Watoto walikaa na tableti zao wakisubiri kukhu aanze. Nilimpigia Kipkemboi, akaja, akaichomoa kadi na kuitazama kwenye laptopu yake, akatikisa kichwa. Nikamwuliza kuhusu nakala. Akakiri kwamba alipanga kuitengeneza shule zikifungwa, na kila shule zilipofungwa alikuwa na shule nyingine, na kinasa sauti alishakifuta ili arekodi wengine. Alikaribia kulia mbele ya watoto. Akaondoka na kadi kwenda Shieywe, akisema haahidi kitu.

Ndiyo maana nilikuambia mashine imeharibika. Ulipokuwa ukinibembeleza miezi ile miwili, hilo ndilo nililolijua, na sikukudanganya hata kidogo. Nilikuwa hata nimeanza kutunga jinsi ya kukueleza kwa upole kwamba sauti ya Mama tuliiua sisi wenyewe ili wewe uone jeneza lake. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa barua. Ingekuwa barua chungu ya kutosha.

Sasa nenda polepole hapa. Juzi Ijumaa Kipkemboi alirudi. Nilimwona kutoka mbali akitembea kama mtu aliyebeba zawadi. Alikuwa ameipata kazi yote ya Mama. Yote, Mideva, hakuna hadithi iliyopungua, hata kile kikohozi katikati na mahali anapouliza kama chai iko tayari. Alikuwa amenunua kadi mpya akazihamishia humo moja kwa moja bila yeye kubaki na nakala, na ile ya zamani alinirudishia imefungwa kwenye karatasi, akasema ni kumbukumbu. Aliiwasha seva, taa ikapepesa. Watoto walikuwa wameshakwenda nyumbani. Mama akasema kwa sauti yake ileile, ndani ya darasa tupu: hapo zamani palikuwa na mabinti wawili, Mideva na Muhonja.

Nilimwomba aizime. Alidhani ni uchungu, akaniomba radhi. Akasema Jumatatu atakuja na flashi, aniwekee nakala yangu na nyingine ya kumtumia dada aliye ng'ambo, maana nilikuwa nimemweleza habari zako. Nilimshukuru, nikampa parachichi za kubeba. Nilipobaki peke yangu nilifunga mlango kwa ndani.

Alinifundisha vizuri yule kijana. Nilichukua tableti, nikaingia mahali pa mlezi wa seva, nikaligusa jalada lenye jina la Mama, nikachagua kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nilikaa kidogo. Nilikufikiria. Nilikuona umelala huko kwenye chumba chako chenye joto, masikio yameziba kwa vile vidude vyako, Mama anakusimulia wewe peke yako jinsi ulivyo mwerevu, mpaka usingizi unakuchukua. Nikaona kwamba katika maisha yetu yote hiki ndicho kitu cha kwanza cha Mama ambacho wewe ulikuwa unakitaka na mimi ndiye niliyekuwa nacho. Nikabonyeza ndiyo. Ile kadi ya zamani niliitoa kwenye karatasi yake nikaenda nayo nyuma ya shule, nikaitumbukiza kwenye choo cha shimo cha walimu. Haikutoa hata mlio, ni nyepesi mno.

Usimwandikie Kipkemboi. Jana asubuhi nilimpigia nikamwambia nimezifuta zote, familia imeamua hivyo, akaniuliza, mwalimu, kweli? Nikamwambia kweli. Alitaka kujua kama angalau ile kadi ya zamani ipo. Nikamwambia iliko. Akakata simu bila kuaga, na huyo ni kijana mwenye adabu.

Labda unajiambia kwamba dada yako amepata wazimu wa msiba. Sina wazimu. Nilitaka mambo mawili. La kwanza, nisiitwe tena mjinga ndani ya darasa langu na marehemu. La pili nimeshakuambia. Usiku ule nililala kama mtoto.

Lakini lile la kwanza halikunifaa, na hili nakuandikia kwa kuwa hakuna mwingine ninayeweza kumwambia. Leo hapa kanisani, watu walipokuwa bado wanasalimiana nje, niliwakuta watoto wangu wa Gredi ya Pili wamekaa kwenye ngazi wamemzunguka Shantel, binti wa fundi viatu, yule mwenye pengo. Alikuwa anasimulia. Mideva, alikuwa Mama. Hakuwa anamwiga tu. Alivuta pumzi pale Mama alipovuta, akapunguza sauti linani lilipokaribia, akakohoa kile kikohozi mahali pake, akauliza kama chai iko tayari, na wenzake wakaitikia kama walivyozoea. Hakukosea neno. Nilisimama nyuma yao na Biblia kifuani. Linani likaita kwa sauti ya asali. Na wote, wote kwa pamoja, wakapaza sauti: Muhonja, usifungue mlango!

Ndipo Shantel alipogeuka akaniona, akaziba pengo kwa kiganja. Sikumwadhibu. Ningemwadhibu kwa kosa gani? Nilimwuliza tu anazijua ngapi, akanijibu kwa heshima kwamba anazijua zote, mwalimu, na Gredi ya Pili yote inazijua, na wengine wameshawafundisha wadogo zao nyumbani.

Kwa hiyo nitaendelea kumsikia. Nitamsikia kesho nikishika daftari la majina, nitamsikia nikienda sokoni, nitamsikia mpaka nistaafu na pengine hata siku ninyi mtakaponizika, ananicheka kwa midomo ya watoto wa watu. Malinya yote itamsikia. Hakuna niliyemfutia Mama isipokuwa wewe.

Wala usifikirie kumwomba mtu amrekodi yule mtoto akutumie. Hatamsimulia mgeni mwenye simu, nimeshazungumza na mama yake. Ukitaka kusikia itabidi uje, ukae kwenye ngazi za kanisa pamoja nao, nami nitakuwa nyuma yako nakutazama unavyocheka jina langu likitajwa.

Baba Mdogo anakusalimu sana, anasema kifua kimepungua. Shangazi wa Butere alikuja wiki jana akakuulizia. Mwalimu mkuu Masinde anatoa pole tena kwa msiba wetu. Ng'ombe nitaendelea kumkama, mahindi nitapalilia mvua ikipungua, na kaburi nitalijazia udongo mimi mwenyewe. Jifunike vizuri, naambiwa huko bado kuna baridi. Mungu akulinde.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja,

Muhonja